Kurudisha nguvu ya misuli ya pumzi baada ya upasuaji wa moyo: hatua kwa hatua

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo anaweza kuwa na moyo unaosukuma damu vizuri kuliko mwezi uliopita, na bado akashindwa kumaliza sentensi moja bila kukatisha ili avute pumzi. Ndugu huingiwa na hofu, na mgonjwa mwenyewe hudhani operesheni imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Kilichopungua ni uwezo wa kifua kutanuka na nguvu ya misuli inayokitanua, na vyote viwili hurudi vikifanyiwa kazi kwa mpangilio.

Tatizo ni kwamba kazi tatu tofauti hubebwa pamoja chini ya jina moja, "mazoezi ya kupumua". Kuna kufungua sehemu za mapafu zilizosinyaa. Kuna kutoa makohozi. Na kuna kujenga nguvu ya misuli ya kuvuta hewa. Kila kazi ina wakati wake na namna yake. Anayepuliza puto kwa nguvu siku ya pili akidhani anajenga misuli anakosea mara mbili: anatoa hewa wakati mapafu yanahitaji kujazwa, na misuli anayoichosha ni ya kutoa pumzi, siyo ya kuivuta.

Kwa nini pumzi inakuwa fupi

Msuli mkuu wa kuvuta hewa ni kiwambo, ambacho hospitalini wengi hukiita diaframu. Umbo lake ni kama bakuli lililofunikwa, na kimelala kati ya kifua na tumbo. Kikijikaza kinashuka, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Misuli ya katikati ya mbavu husaidia, na mambo yakiwa magumu misuli ya shingo nayo hujitosa.

Operesheni huvuruga mpango huu kwa njia kadhaa. Mfupa wa kidari hukatwa katikati kwa msumeno, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Mbavu zinakuwa ngumu na zinauma, hivyo mgonjwa anapumua kwa juu juu na hapigi hata mwayo kamili. Dawa ya usingizi, kulala chali, na mapafu kuachwa yamelegea wakati mashine ya moyo na mapafu inafanya kazi husababisha vifuko vya hewa vya chini kufunga, hasa upande wa kushoto nyuma ya moyo. Mashine ya kupumulia nayo inafanya kazi badala ya kiwambo, na msuli usiofanya kazi huanza kupoteza nguvu ndani ya siku chache tu. Halafu kuna neva ya kiwambo, yaani mshipa wa fahamu unaokiamrisha: inatoka shingoni na kupita ubavuni mwa mfuko wa moyo, mahali ambapo barafu ya kupoozea moyo inaweza kuiganzisha, au inaweza kuguswa daktari anapochukua mshipa wa ndani ya kifua kwa ajili ya baipasi, yaani njia mpya ya damu ya kuzunguka mshipa wa moyo ulioziba.

Matokeo yake, pumzi kubwa kabisa anayoweza kuivuta mgonjwa hupungua siku za mwanzo, mara nyingi kwa kati ya theluthi na nusu. Inapanda polepole kwa wiki na miezi.

Kabla ya operesheni: hapa ndipo faida ilipo kubwa

Kama operesheni imepangwa na zimebaki wiki 2 hadi 4, usizipoteze kwa kusubiri. Katika utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2006, wagonjwa 279 wa baipasi waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya mapafu waligawanywa makundi mawili. Waliofanyisha mazoezi misuli ya kuvuta hewa kwa dakika 20 kila siku, kwa angalau wiki 2, walipata nimonia kwa asilimia 6.5, kundi lililopewa huduma ya kawaida lilipata kwa asilimia 16.1. Ni vigumu kupata dawa ya bei ndogo yenye matokeo kama hayo.

Kifaa chenyewe ni bomba dogo la plastiki lenye vali iliyobanwa na springi. Ukivuta kwa nguvu ndogo kuliko springi, vali haifunguki na hewa haipiti kabisa. Ukiifikia, inafunguka na unasikia hewa ikiingia. Unapotoa pumzi hakuna kizuizi. Mzigo husomwa kwa sentimita za maji, kipimo cha shinikizo; aina moja iliyoenea huanzia 9 na kuishia 41. Usikichanganye na spiromita ya mipira mitatu, kifaa ambacho ukivuta hewa mipira yake hunyanyuka, na ambacho hakina mzigo wa maana kwa msuli.

Kupanga mzigo:

1. Mtaalamu wa fiziotherapia anapima nguvu yako ya juu. Unatoa hewa yote, unaziba midomo kwenye kipimo, kisha unavuta kwa nguvu zako zote dhidi ya njia iliyofungwa. Jaribio la kwanza huwa dogo kwa sababu mtu bado anajifunza, hivyo hurudiwa mara tatu au zaidi na kuchukuliwa lililo kubwa.
2. Mzigo wa kuanzia ni asilimia 30 ya hapo. Aliyepata 60 anaanza na 18; aliyepata 90 anaanza na 27.
3. Kama hakuna kipimo, mtaalamu anaweza kukuanzisha kwenye alama ya chini kabisa na kupandisha kidogo kidogo hadi pumzi 10 mfululizo zikufikishe 4 au 5 kwenye kipimo cha ugumu cha 0 hadi 10.

Namna ya kufanya:

1. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu chini, mabega yamelegea. Bana pua kwa kibanio.
2. Ziba midomo vizuri kuzunguka mdomo wa kifaa. Hewa ikipenya pembeni, vali haifunguki hata ukivuta vipi.
3. Toa pumzi taratibu mpaka chini, kisha vuta kwa mkupuo mmoja wenye nguvu, ukipeleka hewa chini tumboni na mbavuni.
4. Toa pumzi bila haraka, kwa sekunde 3 hivi. Usiikimbilie pumzi inayofuata.
5. Fanya pumzi 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka zifike 30. Asubuhi na jioni. Wapo wanaopendelea dakika 20 mara moja kwa siku. Chagua mpango mmoja ukae nao.
6. Jiulize ugumu ulikuwa ngapi kati ya 10. Ukiwa chini ya 5, ongeza mzigo kwa asilimia 5 safari ijayo. Ukifika 7 au zaidi, rudisha nyuma.

Kosa tunaloliona zaidi hapa ni mabega kupanda. Tazama kwenye kioo: kama mishipa ya shingo inasimama na mabega yanakaribia masikio tangu pumzi ya kwanza, mzigo ni mkubwa mno na kiwambo hakifanyi kazi. Punguza. Kizunguzungu na ganzi ya vidole maana yake unapumua haraka kupita kiasi. Acha, pumua kawaida dakika 2, kisha endelea polepole.

Mwenye maumivu ya kifua yanayokuja hata akiwa ametulia, mwenye vali iliyosinyaa vibaya ya aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni), aliyechanika aota, aliyewahi kupasuka pafu, au aliyetoboka ngoma ya sikio karibuni asianze bila daktari wake kukubali. Kuvuta kwa nguvu dhidi ya kizuizi kunaongeza kazi ya moyo kwa muda huo mfupi.

Kifaa ni cha mtu mmoja. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikung'ute, kiache kikauke chenyewe. Na kama unavuta sigara, siku ya kuacha ni leo. Wiki 4 bila moshi kabla ya operesheni hupunguza makohozi na matatizo ya mapafu.

Siku za kwanza hospitalini: kufungua mapafu

Hapa sahau misuli kwanza.

Anza na maumivu. Mgonjwa anayeumia havuti pumzi ndefu hata ukimhimiza namna gani. Panga mazoezi dakika 30 hadi 45 baada ya kumeza dawa. Usisubiri maumivu yapande ndipo uombe. Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake usizinywe kwa uamuzi wako, hasa baada ya baipasi: zinaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na zinaweza kuumiza figo.

Kisha kaa. Kiti ni bora kuliko kitanda, kwa sababu ukikaa wima tumbo linaachia kiwambo nafasi ya kushuka. Ukiwa kitandani, inua upande wa kichwa na uhakikishe unajikunja nyongani. Aliyeteleza kuelekea miguuni mwa kitanda hujikunja katikati ya tumbo, na hapo kiwambo kinabanwa kuliko hata angelala chali. Vuta mwili juu kwanza, weka mto mdogo chini ya magoti.

Kila saa ukiwa macho, fanya hivi: vuta hewa taratibu kwa pua, ukiweka mkono mmoja juu ya kitovu ili uone tumbo likijaa. Ukifika mwisho, shikilia sekunde 2 au 3, kisha ongeza mvuto mdogo wa pua kana kwamba unavuta kamasi. Achia pumzi itoke yenyewe. Pumzi 10, kisha pumua kawaida kidogo, kisha 10 nyingine, na 10 za mwisho. Kule kushikilia ndiko kunakofungua vifuko vilivyofunga, kwa maana hewa hupita pembeni kutoka kifuko kilicho wazi kwenda kilichofunga, na hiyo inataka muda.

Spiromita nayo? Tumia kama umepewa, lakini usiiabudu. Peke yake haijathibitika kushinda pumzi ndefu na kutembea. Faida yake ni kukukumbusha na kukuonyesha namba. Wengi huivuta kwa ghafla mipira yote mitatu ikagonga juu na kuanguka papo hapo, chumba kikawapigia makofi. Hiyo ni kasi, siyo ujazo. Unachotaka ni mpira mmoja au miwili inyanyuke na ikae juu sekunde 3. Na wapo wanaoipuliza badala ya kuvuta. Mipira haitikisiki nao wanadhani kifaa ni kibovu.

Kukohoa bila kuogopa kidonda

Hofu kubwa ya mgonjwa ni kwamba akikohoa kifua kitafunguka. Nyaya zinashika, ila kikohozi kisichoshikiliwa kinauma sana, na anayeumia mara moja hakohoi tena siku nzima. Makohozi yanabaki, yanaziba njia ndogo, na homa ya mapafu hufuata.

Kunja taulo kubwa mara tatu au chukua mto mgumu. Uweke kwenye mfupa wa kidari, uukumbatie kwa mikono yote miwili, viwiko vikibana mbavu. Kabla ya kukohoa, vuta pumzi 3 ndefu, kisha ya wastani, halafu itoe kwa "haa" ya haraka huku mdomo na koo vikiwa wazi, kama anayepulizia kioo mvuke ili akifute. Fanya "haa" mbili. Hizi husogeza makohozi kutoka chini kwenda njia kubwa bila kugonga kidari. Ukisikia mkoromo umepanda juu, ndipo ubane mto kwa nguvu na kukohoa mara moja au mbili. Usikohoe mfululizo mpaka uso ugeuke rangi; mfululizo mrefu unafunga mapafu uliyoyafungua sasa hivi.

Makohozi meupe au yenye michirizi ya damu kidogo siku za mwanzo yanaweza kuonekana kwa sababu ya mrija uliokuwa kooni. Ya kijani au manjano mazito, yenye homa, yataje kwa muuguzi.

Kutoka kitandani na kulinda kidari

Kunja magoti yaelekee juu, kumbatia mto, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, shusha miguu pembeni, na uache uzito wa miguu ukusaidie kuketi. Usijisukume kwa mikono nyuma, na msaidizi asikuvute mkono. Ashike nyuma ya mabega.

Mfupa huanza kushikana imara wiki ya 6 hadi ya 8, na kukomaa huweza kufika wiki 12. Mipaka ya kubeba hutofautiana kati ya hospitali, mara nyingi kilo 2 hadi 4 mwanzoni, hivyo fuata ya kwako. Kanuni inayosaidia kila siku ni kuweka viwiko karibu na mbavu: ukiwa umevibana hapo, mzigo haukivuti kidari pande mbili. Watu wengine huogopa hata kunyanyua mikono kuchana nywele. Kunyanyua mikono yote miwili kwa pamoja, pasipo uzito na pasipo maumivu, husaidia mbavu zisigande. Kinachokatazwa ni kuvuta au kusukuma kitu kizito kwa mkono mmoja.

Nyumbani: kutembea kwanza

Tembea dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, mahali tambarare. Ongeza dakika 1 au 2 kila siku mbili mpaka ufikishe dakika 30 mfululizo, ambazo wengi huzifikia kati ya wiki ya 4 na ya 6. Kasi iwe ile inayokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini isiyokuruhusu kuimba. Ukimaliza, pumzi inapaswa kutulia ndani ya dakika 10. Ukiona kesho yake umechoka hata kuoga kunakushinda, ulizidisha jana. Rudi kwenye muda wa siku mbili zilizopita.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Vuta pumzi hadi mwisho, kisha hesabu kwa sauti ya kawaida, mwendo uleule, mpaka pumzi iishe. Kwa Kiswahili namba zinarefuka ukivuka kumi, kwa hiyo hesabu moja hadi kumi na urudie kutoka moja, mwenzako akihesabu mizunguko. Usijilinganishe na mtu mwingine. Andika tarehe na idadi kila baada ya siku 3, wakati uleule wa siku. Idadi ikipanda kutoka 14 hadi 25 kwa wiki chache, kazi inaonekana. Ikishuka siku mbili mfululizo, kuna kitu.

Kurudi kwenye kifaa chenye springi

Programu zenye usimamizi huweza kuanza kwa mzigo mdogo ungali wodini. Nyumbani, bila wa kukutazama, subiri mirija yote iwe imetoka, picha ya kifua iwe imeonyesha hakuna hewa nje ya pafu, kidari hakitikisiki, na mtaalamu amekupa ruhusa. Mara nyingi hilo huamuliwa kwenye kliniki ya kwanza.

Usirudi na mzigo uliouacha kabla ya operesheni. Pima upya, au anza na nusu ya uliokuwa nao. Aliyekuwa akivuta 28 aanze na 14. Pumzi 10 mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, kisha 20, kisha 30, na mzigo upande baada tu ya idadi kufika. Kuongeza vyote viwili siku moja ndiko kunakowafanya watu waamke na maumivu ya mbavu wakaacha kabisa. Wiki 6 hadi 8, siku 5 au zaidi kwa wiki, hutosha kuona tofauti. Baada ya hapo siku 3 kwa wiki zinatunza kilichopatikana.

Kifua kikitoa mlio wa "tik", au ukihisi nusu mbili za mfupa zikisuguana unapovuta, weka kifaa chini na upige simu hospitali siku hiyohiyo.

Siyo kila pumzi fupi ni ya misuli

Mazoezi hayaponyi upungufu wa damu, na wengi hutoka operesheni damu ikiwa chini. Hayaondoi maji yaliyojikusanya kando ya pafu, jambo linalotokea mara nyingi upande wa kushoto. Hapo pumzi inakuwa nzito ukilalia upande mmoja, na dawa au sindano ya kutoa maji ndiyo njia. Hayarekebishi mapigo yaliyovurugika, ambayo hupenda kujitokeza siku ya 2 hadi ya 4, ingawa yanaweza kuja ukiwa umesharudi nyumbani: mapigo ya haraka yasiyo na mpangilio, uchovu wa ghafla.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja. Kilo moja na zaidi kwa siku moja, au 2 hadi 3 kwa wiki, ni maji, siyo unene. Mpigie daktari. Nenda hospitali bila kungoja kama pumzi imekata ghafla, una maumivu mapya ya kifua, unakohoa damu, umezimia, midomo imegeuka bluu, au mguu mmoja umevimba na unauma. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, au usaha kwenye mshono, hiyo ni ya siku hiyohiyo.

Kama kiwambo chenyewe kimenyamaza

Lala chali ikiwa unaweza, mkono juu ya tumbo, kisha vuta kamasi kwa ghafla. Tumbo linapaswa kuruka juu. Likizama ndani huku kifua kikipanda, na kama pumzi yako inakuwa mbaya ukilala lakini inatulia ukikaa, mweleze daktari afikirie neva ya kiwambo. Pumzi mbaya ukilala huweza pia kutokana na moyo wenyewe kujaa maji, hivyo usijitafsirie. Uchunguzi ni wa kutazama kiwambo kikitembea kwa altrasaundi au eksirei ya moja kwa moja unapovuta kamasi.

Neva iliyoganzishwa na baridi mara nyingi hurudi yenyewe, lakini kwa mwendo wake: neva iliyojeruhiwa hukua takriban milimita moja kwa siku, na kutoka kifuani hadi kwenye kiwambo ni safari ya miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Katika kipindi hicho lala kichwa kikiwa juu, usiingie kwenye maji yanayofika kifuani, kwa sababu shinikizo la maji linasukuma tumbo juu na upande uliopooza hauwezi kupinga, na uendelee na kifaa kwa mzigo ambao mtaalamu amekupangia, maana upande mzima ndio unaobeba kazi ya wote wawili. Kisiporudi na pumzi ikaendelea kukufunga, daktari wa upasuaji wa kifua anaweza kukikunja na kukishona kiwambo kilicholegea ili kisivutwe juu kila unapovuta hewa.